Koo kayawacha mayai usiku wa mvua, niyatupe?

Mkulima wa Konde
Asalaam alaykum jamani. Nna koo wangu wa kienyeji analalia mayai 11, leo siku ya 12, nimemuwekea pakacha kwenye kibanda cha uani. Sasa mvua ilopiga jana usiku hapa Konde si mchezo na upepo juu yake, asubuhi naenda kutazama namkuta kasimama pembeni kajikunyata, mayai ukiyashika baridi kama mawe. Saa hizi karudi kuyalalia lakini mke wangu anasema hayo viza tayari, tutupe, na kuku tumchovye maji aache kulalia arudi kutaga. Nifanyeje?

Bi Mkubwa wa Wete
Waalaykum salaam. Usitupe kitu mwanangu! Yai la siku 12 halifi upesi hivyo, na baridi yetu ya Pemba ni baridi gani. Ngoja usiku, chukua tochi ya simu uzibe kwa mkono libaki tundu dogo, uweke yai juu yake. Ukiona mishipa myekundu na kitu kinacheza, hai. Likiwa jeupe tupu halikuwa na mbegu, na likinuka ndo viza hilo, litoe kabla halijapasuka ukaharibu yote. Yalobaki hai yakichelewa siku moja au mbili baada ya 21 usishtuke, yalipoa. Na hiyo habari ya kumchovya kuku maji masika haya, unataka akufie? Mtu akitaka kumuachisha anamuweka kwenye tundu lenye sakafu ya waya, limeinuliwa, upepo unampita chini tumboni, siku 3 au 4 keshasahau. Maji yanini.

Ngalawa
Bi Mkubwa kasema kweli ila mie nauliza, una hakika alitoka kwa mvua? Utitiri unatoka usiku kumnyonya, kuku hastahamili anaondoka. Wangu alifanya hivohivo mara mbili nikawa nalaumu upepo, kuja kupekua pakacha chini kote vidoa vyekundu vinatembea 😩. Choma hayo makumbi ya nazi ulomtandikia, weka mapya makavu, nyunyiza jivu na kwa kuku mwenyewe chini ya mbawa. Na mtoe mara moja kwa siku ale chenga anywe maji, robo saa inatosha, wengine wabishi wanakaa mpaka wanakonda.

Mpemba Leicester
😂😂 baridi ya Konde! Njooni huku Uingereza Januari, maji ya kuku yanaganda kwenye bakuli. Sie kuku akitaka kulalia winta tunamuachisha tu, maana kifaranga wiki ya kwanza anataka joto kama la nyuzi 35 na hapa nje ni sufuri. Nyie hamna shida hiyo, muhimu banda lisivuje basi.

Mkulima wa Konde
Ahsanteni sana. Nimepima jana usiku, 8 hai mengine yanacheza kabisa, 2 tupu, moja lilikuwa linanuka, nimelizika mbali. Na Ngalawa, wallahi utitiri upo, tena mpaka mie nimeupata nawashwa mgongo mzima. Pakacha nimechoma, kuku kahamia jikoni kwa mke wangu, hapo sasa ndo ugomvi mpya.

Ngalawa
Koga maji ya mwarobaini. Jikoni muombe radhi mwenyewe.