Naomba ushauri: begi la puto au kitafutio cha redio kwa anayeteleza nje ya njia rasmi?

Mpishi wa Arlberg (Jumatano)
Wakuu, salaam. Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi ya jikoni katika hoteli moja St. Anton, Austria, na huu ni msimu wangu wa tatu wa baridi. Jumamosi, siku yangu ya mapumziko, nakusudia kuteleza kwa skii pamoja na mwenzangu kwenye theluji laini, nje ya njia zinazotengenezwa na mashine. Hatari ya maporomoko ya theluji siku hiyo ni daraja la 3 kati ya 5, yaani katikati tu. Nina euro 350. Je, ninunue begi lenye puto, lile linalojaa hewa ukivuta mpini, au nitosheke na kitafutio cha redio nilicho nacho? Muuzaji wa begi ananisubiri, kwa hiyo naomba majibu ya haraka.

Binti Pangani
Kaka, mimi naishi Grenoble, Ufaransa, na mume wangu hupanda milima kila wikendi. Kwanza, daraja la 3 lisikulaghai, kwa kuwa ngazi zile hazipandi kwa hatua zilizo sawa, na watelezaji wengi hufia siku kama hizo hizo, wakiwa wamejiambia kwamba ni katikati tu. Pili, vifaa vya lazima ni vitatu na havitenganishwi. Kitafutio hupokea mawimbi ya kilohezi 457 yanayotolewa na kitafutio cha aliyefukiwa, ufito wa kukunja hukuthibitishia mahali alipo na kina chake, na chepe la chuma ndilo linalomtoa, maana theluji iliyoporomoka ikisimama hushikana kama zege na haichimbiki kwa mikono. Puto ni nyongeza juu ya hivyo. Je, mwenzako ana vifaa gani?

Mpishi wa Arlberg
Ahsante, dada. Mwenzangu amezaliwa huku huku milimani na anateleza vizuri kuliko mimi. Nilichotaka kujua ni kuhusu begi.

Nahodha Mstaafu
Mwanangu, theluji naijua ya kwenye friji tu, lakini jambo hili nalijua. Mwaka mmoja tulivuka mkondo wa Pemba tukiwa watu saba na maboya matatu, na kila mmoja alikuwa akimsifu mwenzake kwa kujua kuogelea, hadi upepo ulipogeuka. Sifa zilikwisha pale pale, tukabaki kuhesabu maboya.

Binti Pangani
Shikamoo, Nahodha. Mpishi, sikuuliza anateleza vipi. Nimeuliza ana nini kifuani na nini mgongoni.

Mpishi wa Arlberg
Sawa, nitasema. Kitafutio ni kimoja, nilichouziwa na mfanyakazi aliyeacha kazi. Yeye hana. Hata hivyo, msidhani hatukufikiri. Tumekubaliana kwamba yeye atatangulia, kwa hiyo ndiye atakayekivaa, nami nitavaa puto. Puto litaniweka juu ya theluji, na kwa kuwa nitakuwa juu, nitamtafuta. Muuzaji nimekwisha kumpa euro 50 za kushikia begi.

Mzee wa Ungo
Utamtafuta kwa nini, mjukuu wangu, kwa pua? Kitafutio chake kitalia chini ya theluji na wewe huna cha kukisikilizia.
Kuhusu puto, chukua ungo wenye mchele na mawe, uutikise. Vipande vikubwa hupanda juu, vidogo hushuka chini. Puto hukufanya uwe kipande kikubwa wakati theluji inakwenda. Lakini ni lazima uwahi kuvuta mpini mwenyewe, na halizuii mti wala mwamba. Ukisombwa hadi ndani ya korongo, theluji itaendelea kumiminika juu yako hata kama puto limejaa.

Kijana wa Muscat
Mimi nashauri anunue godoro la sponji, ajifunge kwa kamba. Linabaki chenji.

Mama Neema
Vijana, mama zenu wanasubiri simu na ninyi mnachezea roho zenu. Mwaka 1999 pale Galtür, huko huko Tirol, jimbo lenye St. Anton, theluji iliua watu 31.

Binti Pangani
Ni kweli, mama, ila wale wa Galtür theluji iliwafuata kijijini. Huyu anaifuata yeye.

Mchunguzi
Jamani, mnapoteza muda wenu. Taarifa ya maporomoko ya Tirol hutolewa saa 11 jioni kwa ajili ya siku inayofuata. Leo ni Jumatano. Huyu amelijuaje daraja la Jumamosi? Hadithi hii imetungwa, na sitashangaa ikiwa mtungaji yuko Sinza na amevaa kaptula.

Mpishi wa Arlberg
Daraja la 3 ni la leo. Kwa kuwa halijabadilika tangu Jumatatu, nimekadiria kwamba Jumamosi litakuwa lile lile. Ama kuhusu kutunga, kitafutio kiko mbele yangu mezani. Ukanda wake umeshonwa upya kwa uzi mwekundu, na nilipofungua kifuniko cha betri nilikuta unga mweupe umegandamana kwenye springi kama chumvi ya baharini. Nimeukwangua kwa kisu cha kumenyea vitunguu, nikaweka betri za kuchaji, na taa ikawaka.

Mchunguzi
Nimeondoa shaka yangu, maana hayo hakuna mtu anayeyatunga. Mkuu, ule unga ni betri iliyovuja. Pia vifaa vingi vya aina hiyo vimeandikwa kabisa kwamba vitumie betri za alkali zisizochajiwa, kwa sababu kifaa hakiwezi kupima sawasawa chaji iliyobaki katika zile nyingine. Taa kuwaka si kutoa mawimbi.

Binti Pangani
Kwa hiyo kwenye watu wawili hakuna kitafutio hata kimoja cha kuaminika, chepe hakuna, ufito hakuna. Aliyefukiwa kabisa akitolewa ndani ya dakika 10, uwezekano wa kupona ni mkubwa sana. Zikifika 30, wengi wameshakosa pumzi. Helikopta haiwezi kuahidi dakika 10, kwa hiyo mwokoaji wako ni huyo mwenzako. Maduka ya skii ya huko hukodisha vifaa vyote vitatu kwa siku. Kodisha seti mbili, mfanye mazoezi ya kutafutana kwenye uwanja tambarare, na unapotafuta uiweke simu nusu mita mbali na kitafutio, kwa sababu huvuruga mawimbi.

Mpishi wa Arlberg
Nimemsomea mwenzangu. Amenuna, anasema babu yake aliteleza miaka 50 bila kidude chochote. Seti mbili nitakodisha. Ijumaa saa 11 jioni nitaisoma taarifa kabla ya kuamua. Ila zile euro 50, mnadhani muuzaji atanirudishia?

Nahodha Mstaafu
Hatarudisha.