Kondoo wanakufa kila masika hapa Muheza: nibadilishe dume au nibadilishe dawa?

Mwalimu wa Mkuzi

Hodi humu ndani. Mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Mkuzi, Muheza. Nina ekari nne za michungwa, na humo humo ndimo wanamochungwa kondoo wangu. Niliwachagua wao badala ya mbuzi kwa sababu moja: mbuzi husimama kwa miguu miwili akavunja tawi, kondoo anainamia nyasi na mchungwa wangu unasalimika. Palizi imepungua na samadi ninayo. Ni kondoo wa manyoya mafupi hawa hawa wa kwetu, hakuna sufu ya kukata.

Nilianza na majike 9 wekundu wa mkia mnene, wa Kimaasai. Mwaka juzi nikashawishika kununua dume la Dorper, mbegu ya kigeni ya nyama, kichwa cheusi mwili mweupe, pande la mnyama, pamoja na majike 7 chotara wa huko huko alikotoka. Muuzaji alinihakikishia kwamba watoto wake watakuwa na kilo mara mbili. Sikatai, wakizaliwa wanapendeza.

Tatizo ni masika. Mwaka huu wamezaliwa watoto 13 kati ya mwezi wa tatu na wa nne, na hadi leo nimezika 7. Mtoto anaanza kubaki nyuma ya wenzake, anavimba chini ya taya kama aliyewekewa kifuko cha maji, jioni kifuko kimejaa, asubuhi kimenywea kidogo, siku ya nne au ya tano hayupo. Hawaharishi sana. Wahenga walisema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana, na kweli hawa hawalii. Ningependa walie kidogo nijue.

Dawa ya minyoo nawapa kila mwezi, wote, albendazo ya asilimia 2.5. Napima kwa kizibo cha chupa, kama mililita 5 kila mkubwa, watoto nusu yake. Mwanzo ilifanya kazi. Sasa naona kama nawanywesha maji.

Juu ya hayo, wiki mbili zilizopita nimepoteza jike mkubwa, mnene, tena chotara niliyempenda. Huyo hakuvimba taya. Alikataa kula siku moja tu, kesho yake kafa.

Swali langu: nimrudishe dume mwekundu, au shida ni dawa?

Kijana wa Mkata

Shikamoo Mwalimu, na pole sana. Mimi nipo Mkata, Handeni. Dorper ninao 22 na sijawahi kuona hayo ya taya kuvimba. Dume langu nikilipeleka mnadani watu wanasimama. Kwa hiyo mimi ningesema usimsingizie mnyama. Chotara anataka kula: wape pumba na mashudu jioni, wape majani ya mti wa lukina, uone. Ukimlisha Dorper kama kondoo wa porini atakufa kama mtu yeyote aliyeshinda njaa.

Na hiyo ya kizibo Mwalimu, samahani, hapana.

Mzee Mkonge

Mwalimu, salamu. Mimi nimekuwa nyapara wa shamba la mkonge miaka mingi, na katika mistari ya mkonge tulichunga kondoo wasafishe nyasi, mbuzi hawakuruhusiwa. Sasa nimestaafu nipo Pongwe, ninao 30 na ushee, wote wekundu.

Huyu kijana wa Mkata anasema kweli ya Mkata. Kule nyasi inakauka, ardhi inapata jua, minyoo inakufa malishoni. Muheza na Mkata ni mkoa mmoja lakini umande si mmoja. Kwako saa tatu asubuhi ukipita kwenye nyasi suruali inalowa hadi magotini, sasa piga picha mdomo wa kondoo.

Huyo mnyoo anayekuulia watoto anakaa kwenye tumbo la nne na kazi yake ni kunyonya damu. Jike lake moja hutaga mayai maelfu kwa siku, yanatoka na kinyesi, yanaanguliwa, na vijana wake hupanda majani wakati wa umande wakingoja kuliwa. Ndiyo maana kondoo wako haharishi: hana ugonjwa wa utumbo, ameishiwa damu. Maji ya damu yakikosa nguvu yanashuka chini ya taya kwa vile kutwa nzima kichwa kimeinama. Usiku akilala kichwa juu panapungua. Uliyoyaona ni hayo hayo.

Sasa kuhusu dume. Watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, waliwaweka kondoo wekundu na Dorper pamoja Diani, pwani ya Kenya, miaka ya 1990. Diani na sisi ni pwani moja, unavuka Horohoro tu. Dorper walikufa ovyo kwa huyu huyu mnyoo, na wekundu waliwapita mbali kwa mazao ya kundi zima, japo mmoja mmoja ukimpima Dorper ni mzito zaidi. Mwekundu naye anaingiwa na minyoo, ila mwili wake unaibana isizaliane sana, na damu ikipungua anavumilia. Kilo za mtoto aliyezikwa hazihesabiwi. Wamaasai wa Kenya walichanganya mno na Dorper kuanzia miaka ya 1970, leo mwekundu halisi anatafutwa kwa tochi.

Dawa nakuomba uache kuwapa wote kila mwezi. Wewe ni mwalimu, utanielewa: ukifagia minyoo yote dhaifu kila mwezi, unabaki na ile iliyofaulu mtihani tu, nayo ndiyo inayozaa. Waangalie macho. Afrika Kusini wametengeneza kadi ya rangi tano iitwayo FAMACHA, lakini hata bila kadi utaanza. Mtoe kondoo juani, siyo bandani. Dole gumba la juu lisukume kope lifumbe jicho, bonyeza kidogo, dole la chini livute kope la chini, ile nyama ya ndani itachomoza. Itazame mara moja uache, ukikawia inajaa damu ikakudanganya. Nyekundu kama nyama mbichi, mwache aende. Waridi iliyopauka, mfikirie, na akiwa mtoto au ananyonyesha mpe. Nyeupe kama karatasi, mpe leo hii. Wale wazima wasiopewa watakusaidia: minyoo yao haijazoea dawa, ikichanganyika malishoni na ile sugu inaipunguza makali.

Jambo la mwisho, umezalisha wakati mbaya. Mimba ya kondoo ni miezi mitano. Dume likikaa na majike mwaka mzima watazaa masika, na jike akishazaa kinga inashuka, mayai ya minyoo yanamiminika, mtoto anaanza kuonja nyasi pale pale. Mimi dume naliachia mwisho wa mwezi wa pili, nazalisha mwezi wa saba mvua ikiwa imepungua. Masika inayofuata inawakuta wana miezi minane. Ukikosa banda la kumtenga, fanya wafanyavyo Wamaasai: wanamfunga dume kipande cha ngozi chini ya tumbo, kinaning'inia mbele ya uume. Anapanda, lakini hapati kitu.

Bwana Mifugo wa zamani

Mzee Mkonge ameshanimalizia kazi. Naongeza mawili.

La kwanza, kipimo. Albendazo ya asilimia 2.5 kwa kondoo ni mililita 1 kwa kilo 5. Hiyo 5 yako ni ya kondoo wa kilo 25. Kuna mkubwa wa kilo 25 hapo? Kumpa pungufu ndiyo njia ya haraka ya kuzalisha minyoo sugu. Pima kilo, tumia bomba la sindano lisilo na sindano, weka dawa nyuma ya ulimi taratibu isije ikaingia mapafuni. Na jike mwenye mimba ya mwezi wa kwanza usimpe albendazo. Kama macho hayarudi rangi, badilisha kundi la dawa, levamisoli kwa mfano, nayo ukiizidisha inaua, kwa hiyo mzani tena. Siku kumi hadi kumi na nne baada ya dawa peleka kinyesi maabara wahesabu mayai. Kinyesi kitoke ndani kwa kidole chenye glovu, cha chini ya banda hakitakwambia ni cha nani.

La pili ni huyo jike mnene. Nijibu: michungwa umeipulizia dawa ya ukungu karibuni? Mkojo wake ulikuwaje?

Mwalimu wa Mkuzi

Ahsanteni. Bwana Mifugo, umenitisha. Ndiyo, kijana wangu alipulizia ile dawa ya bluu, na kondoo walirudishwa kesho yake. Mkojo nilidhani ni damu, ulikuwa kama chai ya rangi iliyokaa. Macho yalikuwa manjano.

Bwana Mifugo wa zamani

Basi karibu yote yanaelekea kwenye shaba, Mwalimu. Dawa nyingi za bluu za ukungu zina shaba, na hakuna mnyama wa zizini anayeiogopa shaba kama kondoo. Inajikusanya kwenye ini kwa wiki na miezi, mnyama ananenepa vizuri tu, siku ini likiiachia kwa mkupuo chembe za damu zinapasuka mwilini na anakwenda ndani ya siku mbili. Watoe chini ya hiyo michungwa, wasirudi mpaka mvua ya kutosha ishuke na nyasi mpya ichipue. Na jiwe la chumvi nunua la kondoo. La ng'ombe lina shaba, chakula cha nguruwe na kuku pia. Sisi tumezoea kugawana pumba na jirani, muulize kwanza amechanganya nini.

Kijana wa Mkata

Hili la shaba sikulijua. Mimi chumvi yangu ni ya ng'ombe. Naiondoa leo.

Mwalimu wa Mkuzi

Nimerudi na taarifa.

Mimi kondoo wangu nimewafungulia daftari la mahudhurio, mazoea ya kazi, kila mmoja na mama yake. Sikuwahi kulisoma kwa kulinganisha. Jana usiku nimelisoma. Watoto wa majike wekundu walikuwa 7, wamekufa 2. Watoto wa majike chotara walikuwa 6, wamekufa 5. Baba yao ni mmoja, nyasi ni zile zile, kizibo ni kile kile. Nilikaa na kalamu mkononi muda mrefu.

Macho nimeangalia asubuhi, majike wakubwa 15 waliobaki. Wanane macho mekundu kabisa, watatu yamepauka, wanne meupe. Kati ya wale wanne, watatu ni chotara. Mzani nimeazima kwa mnunuzi wa mahindi, ule wa kuning'iniza, tukamfunga kondoo kwenye kiroba miguu ikatokeza. Jike wa kwanza kilo 38. Mililita 7.6, nami nilikuwa nampa 5 miezi yote hiyo.

Wale wanne na watatu waliopauka, maana wananyonyesha, wamepata dawa kwa kipimo. Watoto sita pia. Wanane nimewaacha, ingawa mkono ulikuwa unawasha. Asubuhi wanabaki bandani na majani ya kukata mpaka umande ukauke, na wamehamia upande wa minazi usiopuliziwa chochote.

Mzee Mkonge, nikipata nafasi nitakuja Pongwe kuchagua dume mwekundu, uniwekee asiye na undugu na majike wangu. Kijana wa Mkata, Dorper wangu namuuza, na kwako naona atakula maisha. Njoo umwone. Usafiri juu yako.

Mpaka hapo utakapokuja nimemfunga kipande cha turubai chini ya tumbo kama nilivyoelekezwa. Anazunguka nacho uani amekasirika, wajukuu wamempa jina la Mpishi.