R: kigeu chenye nukta mbele hakionekani, lakini hesabu bado zinakitumia

nyar_dunga, Kisumu
Hamjambo wenzangu. Nachambua kwa R (lugha ya programu ya takwimu) uzito wa samaki aina ya mbuta na ngege waliopimwa pale Dunga. Folda nzima nimeachiwa na mwenzangu aliyehamia kazi nyingine. Skripti inazidisha kila uzito kwa kigeu .mizani, ila hakuna mstari unaosema .mizani ni ngapi. ls(), amri ya kuorodhesha vigeu, haikionyeshi. Nafuta vyote kwa rm(list = ls()), naendesha upya, majibu yanatoka vilevile! Kwa msimamizi wangu skripti hiyohiyo inakwama, eti .mizani haipo. Inatoka wapi? Na majina mapya niyaandike kwa nukta au kistari cha chini? Wavuvi wanaisubiri ripoti hii, sitaki kuwapelekea nambari nisiyoijua asili yake.

omwami, Nakuru
Dada, jina likianza na nukta, ls() hulipita. Rm yako nayo inafuta orodha ya ls() tu. Andika ls(all.names = TRUE) utaiona. Bila shaka imo kwenye faili ya .RData ndani ya folda hiyo. Mtu akikubali kuhifadhi anapofunga, R huhifadhi hata vilivyofichwa, kisha huvipakia tena ukiifungulia hapo. Ukikuta .Random.seed usishtuke, ni ya R yenyewe, ya kuzalisha nambari za nasibu.

mwalimu_wa_takwimu, Kakamega
Usiifute .RData kabla hujanakili thamani ya .mizani na kumuuliza mwenzako aliipataje. Halafu iandike wazi juu kabisa ya skripti, bila nukta mbele.

Kuhusu majina, mimi ni wa kistari: uzito_mbuta. Nukta ilizoeleka kwa sababu zamani kistari hicho kilikuwa alama ya kupachika thamani. Kiliruhusiwa katika majina kuanzia R 1.9.0, mwaka 2004. Ubaya wa nukta ni kwamba R huitumia pia kuunganisha fankisheni na klasi, yaani aina ya kitu. Ukiunda summary.samaki kwa shughuli zako, siku ukiwa na kitu cha klasi samaki, summary() itaiita hiyo bila kukuuliza.

omwami, Nakuru
Ila jina lisianze na kistari, R italikataa.

nyar_dunga, Kisumu
Asanteni sana. Nimeiona, ni 0.97. Nimempigia simu: mizani ya kwanza ilikuwa inaonyesha uzito mkubwa kuliko ulivyo, ikabadilishwa kazi ikiwa katikati. Skripti imepunguza samaki wote, hata wa mizani mpya. Naanza kuwatenganisha kwa tarehe sasa hivi.