Kukimbia winta na RV (gari-nyumba), tuanzie wapi?

Babu_Minnesota: Habarini wakuu. Mimi na mama watoto tumestaafu, theluji ya huku tumeichoka. Januari tunashuka Arizona na RV, yeye anataka kutalii mi nataka gofu. Tuegeshe wapi kwa bei poa?

chuma_chakavu: Shikamoo mzee. Quartzsite, kule jangwani kuna maeneo ya serikali ya kukaa muda mrefu, 15 Septemba mpaka 15 Aprili, ila sehemu kubwa hamna umeme wa kuchomeka so sola na matangi yawe fiti. Na kama umefika miaka 62 na una uraia au grini kadi chukua ile pasi ya wazee ya hifadhi za taifa, dola 80 tu mpaka kifo, kuiacha ni dhambi

MamaTee: Muonyeshe mama hifadhi ya Saguaro pale Tucson, kaktasi ndefu kuliko RV yenu. Lile korongo kubwa la Grand Canyon, ukingo wa kusini uko wazi mwaka mzima ila ni mita 2,100 juu huko, theluji mnayoikimbia mtaikuta inawasubiri 😂

kijiti9: Gofu Yuma au Mesa, usibuku alfajiri, kukiwa na sakitu (umande ulioganda kwenye nyasi) wanakuzuia mpaka iyeyuke

Babu_Minnesota: Marahaba. Canyon tutapitia Aprili tukirudi, bosi wangu akikubali