Chalbi na familia kutoka Mwanza: pikipiki mbili na Hilux, tujipange vipi?

MamaAG_Nyakato

Wakuu, habari za leo. Likizo ya Juni tunataka kwenda jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, familia nzima. Mimi naendesha Yamaha AG200, kijana wetu wa miaka 20 (leseni anayo) ana XTZ125. Baba watoto ataendesha Hilux ya dizeli, double cabin, akiwa na binti wa miaka 11.

Njia tuliyoichora ni Sirari, Kisii, Kericho, Nakuru, Nyahururu, Nanyuki, Isiolo, Marsabit. Kutoka hapo Maikona, Kalacha, North Horr, Loiyangalani, halafu turudi kwenye lami pale Laisamis. Kuna wanaotuambia tupite Maralal na Baragoi kwa sababu ni mkato.

Naomba ushauri kuhusu tairi na upepo wa tairi, petroli ya kubeba, vipuri, na kama binti anaweza kukaa nyuma yangu hata vipande vifupi. Vumbi na matope tumezoea, mchanga mzito bado.

---

Fundi_Mabatini

Dada, hongera kwa kuchagua hizo mbili. AG200 na XTZ125 zote zina rimu ya inchi 21 mbele na 18 nyuma, kwa hiyo tyubu za akiba zinaingiliana. Beba mbili za 21 na mbili za 18. Zikikuishia za nyuma, tyubu ya 21 inaingia kwenye tairi ya 18 kwa dharura. Itakunjika kidogo ndani, nenda nayo taratibu mpaka mjini.

Tairi za meno, lakini usizichoshe kwenye lami. Mwanza mpaka Isiolo ni zaidi ya km 800, na lami ya moto inakula meno ya tairi la nyuma kabla hujauona mchanga. Pakieni pikipiki kwenye Hilux mpaka Isiolo. Zote mbili hazifiki kilo 250, bodi inabeba, ilimradi maji na mafuta ya akiba mvijaze mkishazishusha. Mlango wa nyuma utabaki wazi, kwa hiyo hakikisheni taa na namba ya gari vinaonekana, na mfunge kitambaa chekundu. Mikanda ya kukaza minne kwa kila pikipiki. Ya mbele ishike pale shokapu zinapobanwa chini ya usukani, siyo kwenye ncha za usukani, na shokapu zishuke nusu tu. Ukizibana mpaka mwisho, sili zinaanza kuvuja oili kabla hata ya Nakuru.

Upepo wa tairi: mawe meusi ya volkano kati ya Bubisa na Maikona yanataka psi 25 hadi 28, la sivyo rimu inaibana tyubu kwenye jiwe na unapata pancha ya matundu mawili yanayotazamana. Mchanga mlaini shusha mpaka 15 hadi 18. Hapo kuna mtego. Tairi yenye upepo mdogo inaweza kujizungusha juu ya rimu ukivuta mafuta kwa nguvu, nayo inaiburuta tyubu mpaka valvu inachanika shingoni, na shingo haizibiki kwa kiraka. Ile nati ya valvu usiikaze kwenye rimu kama mafundi wengi wanavyofanya. Irudishe juu ikae chini ya kifuniko. Valvu ikianza kulala upande utaiona mapema. Toa upepo wote, irudishe tairi mahali pake, jaza tena. Bila pampu na geji yako mwenyewe haya yote ni maneno matupu, na geji isome psi ndogo vizuri, siyo ile ya malori.

Ea klina ndiyo itakayoua injini kama mtaizembea. Vumbi la Chalbi ni laini mno. Likipita, linakula ringi na silinda, na utajua injini ikishaanza kutoa moshi wa bluu. Kama ni ya sponji, ioshe kwa mafuta ya taa halafu maji ya sabuni, ikauke kabisa, ipake oili, ikamue mpaka isidondoke. Andaa sponji mbili za akiba kwa kila pikipiki, zimeshapakwa oili, ndani ya kontena la plastiki lenye kifuniko. Msiende na mifuko ya nailoni, Kenya waliipiga marufuku tangu 2017. Paka grisi kidogo pale ea klina inapokaa kwenye boksi lake, maana vumbi jingi hupita pembeni na siyo katikati. Badilisha kila jioni mkiwa jangwani, hata kama inaonekana safi.

Cheni ya AG200 imefunikwa, hiyo usiwe na wasiwasi nayo. Ya XTZ iko wazi, na ukiipaka grisi inageuka msasa kwa mchanga unaogandia. Isugue kwa brashi kavu, pitisha kitambaa chenye oili nyepesi, futa. Hiyo XTZ ipunguzie jino moja sproketi ya mbele kabla ya kuondoka. Injini ya 125 kwenye mchanga inakosa nguvu gia ya pili na ya tatu, kijana anabaki kuichezea klachi mpaka inanuka. Spidi ya juu itapungua, lakini huko hamuihitaji. Kumbuka kurekebisha ulegevu wa cheni baadaye.

Waya wa klachi wa akiba ufungeni sambamba na ule wa zamani, tayari umepita njia yake. Ukikatika unahamisha ncha mbili tu.

---

Ziwa_hadi_Turkana

Nianze na Maralal–Baragoi: hapana. Mkato kweli, lakini mkiwa na mtoto wa miaka 11 msiifikirie. Mwaka 2012 polisi zaidi ya 40 waliuawa katika shambulio moja maeneo ya Baragoi, na wizi wa mifugo wenye silaha haujaisha upande ule. Lami ya Isiolo–Marsabit ndiyo njia yenu. Mkifika Marsabit, ulizeni kituo cha polisi hali ya barabara za mbele kabla ya kuingia, na muulize tena Maikona na North Horr. Hali hubadilika wiki kwa wiki.

Chalbi yenyewe ni sakafu ya ziwa lililokauka. Sehemu kubwa ni ngumu na tambarare, na hapo ndipo watu hujisahau wakavuta mafuta mpaka mwisho. Mnapoona ardhi imebadilika rangi ikawa nyeusi au ya kahawia iliyoiva, chini kuna unyevu. Chumvi ya juu inavunjika na gari linakaa kwenye ekseli. Juni kwa kawaida ni pakavu, lakini mvua za Aprili na Mei zikichelewa kuisha, msilazimishe kukatisha katikati. Subirini Marsabit, au fuateni njia kuu ya magari tu. Njia za magari zinagawanyika na kuungana tena; chagueni ile iliyokanyagwa zaidi na Hilux isitoke humo.

Sasa mafuta. Marsabit–Maikona–Kalacha–North Horr–Loiyangalani wekeni km 300, na Loiyangalani–Laisamis wekeni km 230. Jumla 530. AG200 inayokupa km 30 kwa lita hapa Mwanza, kwenye mchanga na upepo hesabu 20. Hiyo ni lita 26 na nusu, ongeza robo ya tahadhari, unapata kama 33 kwa pikipiki, au 66 kwa zote mbili. Tangi zote mbili zinabeba zaidi kidogo ya lita 20. Maana yake madumu matatu ya lita 20 ndani ya Hilux, pamoja na dumu moja la dizeli lililoandikwa kwa herufi kubwa. Kukosea dumu saa sita mchana kwenye jua lile ni rahisi kuliko mnavyodhani. Msijaze mpaka shingoni, petroli inatanuka, na mkifungua kifuniko fungueni taratibu. Petroli ya vijijini inauzwa kwenye mapipa: ichujeni kwa kitambaa, acheni kidogo itulie kwenye chupa angavu, maji yatajionyesha chini.

Upepo wa Loiyangalani ni habari nyingine. Unabanwa kati ya milima Kulal na Nyiru, unavuma kutoka kusini-mashariki, na ndiyo maana kuna mitambo 365 ya umeme wa upepo (megawati 310) hapo kwenye njia ya kwenda Laisamis. Mkizunguka kama mlivyopanga, mtatoka Loiyangalani mkiupokea usoni. Pikipiki ya 125 itakaa gia ya tatu muda mrefu, na petroli itaisha kabla ya hesabu.

---

MamaAG_Nyakato

Asanteni sana wote. Kwa hiyo tuugeuze mzunguko, tuanzie Laisamis upepo uwe mgongoni? Na kuhusu binti?

---

Ziwa_hadi_Turkana

Dada, upepo mgongoni unapunguza mafuta, lakini injini za pikipiki zenu zote mbili zinapozwa kwa hewa. Ukienda spidi ya 40 na upepo unakusukuma kwa 40, injini haipati hewa yoyote. Kila mkisimama, igeuzeni pikipiki iutazame upepo dakika tano kabla ya kuzima. Upepo ule una nguvu zaidi usiku na alfajiri, unapungua mchana. Kwa hiyo ile kanuni ya jangwani ya kuondoka saa 12 asubuhi kukwepa joto, ambayo ni sahihi kabisa kwa Maikona na Kalacha, kwenye kipande cha Loiyangalani mtaigeuza: ondokeni saa tatu au nne, mvumilie joto.

Ila kama ni mara ya kwanza mchangani na mna mtoto, maoni yangu ni kwamba Loiyangalani iachwe. Nendeni Marsabit–Kalacha na kurudi njia ile ile, kama km 300 tu. Kalacha kuna chemchemi na mitende, Chalbi iko mlangoni, na mkiharibikiwa mnajua mlikotoka. Petroli inashuka mpaka dumu moja tu la akiba.

---

Nesi_Pasiansi

Binti akae kwenye gari, shogaangu, hata kipande kifupi hapana. Mchangani dereva anasimama juu ya vikanyagio na kurudisha uzito nyuma, na abiria anakuzuia kufanya vyote viwili. Pikipiki ikilala, mtu wa nyuma ndiye mguu wake unaobanwa na ekzosi ya moto. Akitaka picha, apande pikipiki ikiwa imezimwa.

Maji: lita 7 kwa mtu kwa siku, ya kunywa na kupikia. Watu wanne kwa siku tatu ni 84, bebeni 100 katika madumu madogo madogo, maana pipa moja likitoboka mmekwisha. Maji ya visima vya huko mengi yana chumvi, na ya Ziwa Turkana yana magadi. Msiyategemee kama mlivyozoea ziwa letu. Bebeni pakiti za ORS za kutosha. Anayeendesha akiacha kutoka jasho, au akianza kujibu maswali ovyo, asimamishwe hapo hapo, akae kivulini, alowanishwe mwili. Binti aangaliwe mkojo: ukiwa wa njano iliyokolea, hajanywa vya kutosha, hata kama anasema hana kiu. AMREF Flying Doctors wana bima ya muda ya kusafirishwa kwa ndege. Lipieni kabla hamjaondoka.

Msisahau na baridi. Nyahururu iko juu ya mita 2,000, kwa hiyo binti awe na sweta karibu, lisiwe chini ya mabegi.

Karatasi za Sirari: pasi za kusafiria au hati za dharura za kila mmoja, mtoto pia, kadi halisi za pikipiki na gari, bima ya COMESA kwa kila chombo, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kama kadi ya XTZ bado iko kwa jina la aliyemuuzia kijana, malizeni kuhamisha umiliki sasa, siyo wiki ya safari. Kenya dereva na abiria wa pikipiki wote wanatakiwa helmeti na jaketi la kuakisi mwanga.

---

Fundi_Mabatini

Naongezea mazoezi, maana hamjazoea. Mnayo ziwa. Tafuteni ufukwe upande wa Ilemela wenye mchanga mkavu, juu ya pale maji yanapofika. Ule uliolowa pembeni mwa maji ni mgumu, hautawafundisha kitu. Au mchanga wa mto Simiyu kule Magu, maji yakishapungua. Shusheni upepo mpaka 16, simameni, macho mbali, gia ya pili au ya tatu, mafuta yavutwe kwa utulivu bila kukatwa. Pikipiki itacheza mbele, iacheni icheze. Anayeushika usukani kwa nguvu ndiye anayeanguka. Breki ya mbele msiiguse mchangani, gurudumu linajizika na usukani unageuka wenyewe. Kupunguza mwendo, achieni mafuta tu, mchanga utawasimamisha.

Mkiwa njiani pikipiki zitangulie, Hilux nyuma, kila mmoja nje ya vumbi la mwenzake. Kila njia panda, wa mbele anasimama mpaka amwone wa nyuma. Simu nje ya miji hazishiki, kwa hiyo ramani zipakuliwe mapema, na simu isikae kwenye usukani juani, itazima kwa joto.

Jioni pitisheni spana kwenye nati zote: ekseli, mikono ya usukani, keria, ekzosi, spoku. Barabara ya Maikona imekunjamana kama bati, inalegeza hata kile mlichokikaza asubuhi.

---

MamaAG_Nyakato

Tumekubaliana na baba watoto: Kalacha na kurudi. Fundi, XTZ naileta Jumamosi kwa ajili ya hiyo sproketi. Nije na cheni mpya?

---

Fundi_Mabatini

Njoo nayo iliyopo kwanza. Tukiivuta nyuma ya sproketi kubwa ikaacha nafasi ya nusu jino, tunabadilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja. Cheni mpya kwenye meno yaliyochakaa haifiki hata Marsabit.