Sentapini ya kuvulia boya kriki ya Mtwapa: achukue ipi?

KijanaMtwapa
Assalam aleikum wanajukwaa. Mimi huvua kwa rodi ukingoni mwa kriki ya Mtwapa, chambo kamba, napata changu na chaa, siku nyingine kolekole mdogo. Maji yakianza kutoka napenda kuliacha boya liende nayo. Tabu ni rili yangu ya kawaida, yaani kikunjio cha mshipi: nikifungua kitanzi cha waya mshipi unamwagika, nikikifunga boya linasimama na chambo kinapanda juu. Mjomba anakuja kutoka Uingereza mwezi ujao. Anasema wavuvi wa mtoni kule wanatumia rili iitwayo sentapini, gurudumu moja tu juu ya pini, halina gia. Ameona mbili: moja ya beringi, ukiipiga kidole inazunguka muda mrefu sana, na ni ghali. Nyingine haina beringi, bei nafuu. Achukue ipi? Na huwa zinatupwaje?

Bahari_Tulivu
Waaleikum salaam ndugu yangu. Nimekaa Nottingham, Uingereza, miaka mingi, na huko rili hizi zina sifa tangu zamani; za karne ya 19 zilikuwa za mbao, watu wakivulia mto Trent.

Mjomba asivutwe na kuzunguka muda mrefu. Kinachotakiwa ni gurudumu lianze kwenda kwa mvuto mdogo wa boya, hata maji yakiwa ya polepole, kwa hiyo gurudumu liwe jepesi. Hapo hapo dukani afunge mshipi, aning'inize risasi ndogo, ile timazi ya kuvulia. Ikishuka yenyewe bila kusukumwa, inafaa. Kisha ashike ukingo wa gurudumu alitikise. Likichezacheza, aiache, maana mshipi utapenya na kujisokota nyuma yake. Kipenyo inchi 4 au 4 na nusu.

Breki yake ni kidole gumba. Boya likienda, gumba linagusa ukingo wa gurudumu kwa mbali, ili boya liende taratibu kidogo kuliko maji ya juu. Maji ya chini huwa hayana kasi hiyo, basi ukilizuia hivyo chambo kinatangulia na samaki anakiona kwanza. Kwa kazi hii sijaona rili nyingine inayoifikia.

Binti_wa_Tudor
Kaka, fikiria chumvi. Beringi nyingi za rili hizi zimetengenezewa maji yasiyo na chumvi, na zikishika kutu gurudumu linakwaruza. Isiyo na beringi unachomoa gurudumu, unaosha kwa maji ya mfereji, unafuta pini, unatia tone la mafuta ya cherehani. Kura yangu ni hiyo ya bei nafuu, mradi ipite jaribio la risasi. Na karibu na mizizi ya mikoko usiitumie kabisa. Tewa akikamata hapo, gumba halimzuii.

Mzee_Bamvua
Wanangu, tazameni mwezi pia. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji yetu yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, mkondo unabeba majani na boya linakimbia kuliko unavyoweza kulisimamia. Vua maji mafu, mwezi ukiwa nusu, yanapoanza kupwa. Simama mahali mkondo unapita mbele yako ukaondoka moja kwa moja. Rodi iwe ndefu, futi 13, uinue mshipi usilale majini.

KijanaMtwapa
Shikamoo Mzee. Nimewapata vizuri. Bado la kutupa. Na jirani ananishauri niende nayo mto Sabaki, mnaonaje?

Bahari_Tulivu
Kutupa anza hivi: kwa mkono wa kushoto vuta mshipi kati ya pete za rodi, upate vitanzi viwili vitatu, kila kimoja kwenye kidole chake. Pembeza boya kwa chini, liende mbele, uachie vitanzi kimoja baada ya kingine. Halifiki mbali, lakini halihitaji kufika. Mkondo ndio utakaolipeleka. Iko namna ya kulitoa gurudumu mbio kwa mkono huku unatupa, hiyo ijifunze baadaye, kwa boya zito. Usivute mshipi kwa ubavu wa gurudumu, unajisokota. Na usijaze gurudumu, mita 100 zinatosha.

Kukunja kutakuwa taratibu. Gurudumu la inchi 4 na nusu linarudisha kama sentimita 35 kwa mzunguko mmoja. Wazoefu hulipiga ukingoni kwa kiganja likimbie.

Mzee_Bamvua
Marahaba mwanangu. Sabaki usiende kusimama ukingoni, kuna mamba na viboko. Halafu mvua ikinyesha bara mto unashuka na tope jekundu, chambo hakionekani. Baki Mtwapa.

KijanaMtwapa
Nashukuru nyote. Nimemwandikia mjomba: isiyo na beringi, inchi 4 na nusu, na aende dukani na risasi yake mfukoni. Mshipi niweke wa kubeba kilo ngapi?

Binti_wa_Tudor
Kilo 3 kwa changu na chaa. Kolekole wakiingia, panda hadi 4.