Tupeane uzoefu: muda wako bora ulivunjwa vipi?

Wadau, hamjambo. Sisi wa michezo ya mbio za magari kwenye kompyuta, tusimuliane jinsi tulivyovunja muda wetu bora wa mzunguko, na ulitugharimu nini. Naanza mimi.

Niko Umoja, Nairobi, nacheza Assetto Corsa kwa G29, usukani wa kuchezea unaokuja na pedali zake. Nilikwama kwenye uwanja wa Spa-Francorchamps, ule wa Ubelgiji, miezi mitatu na gari la mbio la daraja la GT3: dakika mbili na sekunde 20.4, yaani 2:20.4. Zile kilomita saba nilizijua kama njia ya kwenda dukani, lakini saa ilikataa katakata. Nilizidi kuchelewesha breki pale La Source, kona ya kwanza, nikidhani muda umejificha hapo. Siku moja nikawasha gari la kivuli, lile linalorudia mzunguko wako bora. Naingia kona nikiwa mbele yake, tukitoka linaniacha. Kumbe ukishatoka La Source ni kukanyaga mafuta tu: unateremka Eau Rouge, unapanda Raidillon, hadi mwisho wa mnyoosho wa Kemmel. Ukitoka polepole, unalipa njia yote hiyo. Nikaanza kushika breki mapema kidogo, nangoja pua ielekee mteremkoni, ndipo nakanyaga. Usiku wa tatu: 2:19.7. Nilisimama nikashika kichwa kwa mikono miwili. Ni furaha kubwa, sioni haya kusema.

Wa Donholm: Hongera ndugu. Mimi adui alikuwa kiti. Kiti cha plastiki juu ya sakafu ya simiti: nikikanyaga breki, kiti kinarudi nyuma, pedali zinakimbilia ukutani. Breki ya G29 ina mpira ndani, inataka mguu wa nguvu, na mimi kila kona nilikuwa nimekaa mahali tofauti. Fundi akanikatia kipande cha mbao, nikakikaza kati ya pedali na ukuta. Miguu ya kiti nikaifunga kamba kwenye pedali zenyewe. Wiki hiyo muda wangu kwenye uwanja wa Monza ukapungua sekunde nzima, na sikuwa nimejifunza kona hata moja mpya. Kabla ya kutafuta vifaa vya bei, hakikisheni mmekaa imara.

Wa Kahawa West: Mimi ni uwanja wa Nürburgring Nordschleife, Ujerumani, kilomita 20.8. Niko Döttinger Höhe, mnyoosho wa mwisho, sekunde nne mbele ya kivuli changu. Stima ikapotea. Usukani ukalegea mikononi, nikabaki gizani nimeushika tu. Miezi miwili sasa, sijaufikia tena muda ule. Mawingu yakitanda siendi Nordschleife, nakwenda uwanja mfupi.

Dada wa Kasarani: Mimi ni wa rali. Safari Rally yetu iliporudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 ndipo nilipopenda mchezo huu, na sasa niko kwenye mchezo wa rali wa EA Sports WRC, njia za Soysambu za hapa Kenya. Nilikuwa nacheza sauti ikiwa imezimwa kwa sababu mtoto amelala, nategemea macho. Kwenye vumbi macho hayatoshi: ukiiona kona, umeshachelewa. Nikanunua spika za masikioni, nikaanza kumsikiliza msaidizi anayesoma njia. Siku ya kwanza nikapunguza sekunde sita. Siku hizi nageuza usukani kona ikiwa bado ndani ya vumbi, kwa sababu nimeambiwa ipo.

Wa Umoja tena: Dada, hiyo ya kusikiliza imenigusa. Wa Kahawa West, pole sana, ukiufikia tuandikie hata kama ni usiku wa manane. Na wa Donholm, jana nimekata mbao. 2:19.4.